Mbuni wa Mlangoni kwa Deziranta

Perepetwa alikuwa mtu wa kutazama. Tangu alipoolewa Bugonzi, mwaka wa pili sasa, watu walimzoea hivyo: akienda kisimani atasimama njiani kutazama siafu wanahamisha mayai, akipika atatazama moshi unaelekea wapi. Mumewe Matiya alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi alitazama zaidi viatu vya wageni kuliko bwana harusi. "Viatu vilinitazama kwanza," alimjibu, na hapo kazi ya kutania ikaisha, kwa maana Perepetwa hakuwa msemaji.

Alizaa binti, Nantaba, na wakati wa habari hii mtoto alikuwa na miezi sita, mnene wa mapaja, asiyetaka kuwekwa chini. Kwa hiyo kila alichokitazama Perepetwa, Nantaba naye alikitazama juu ya bega lake.

Mama mkwe wake aliitwa Deziranta. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka, na kitu alichokipenda kuliko vyote pale nyumbani, baada ya mwanawe, kilikuwa mti wa kahawa uliosimama kando ya mlango. Shambani kulikuwa na mibuni mingine karibu mia tatu, hiyo ya kuuza. Huu wa mlangoni haukuuzwa hata punje. Marehemu mumewe aliupanda mwaka aliomleta Deziranta pale. Buni zake zilichumwa bado mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa juani, zikawekwa katika kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni akija, kabla ya maji na kabla ya habari za msiba au furaha, husogezewa kikapu atafune mbili tatu. Nyumba isiyo na kahawa ya kumpa mgeni atafune, huko kwetu, ni kama nyumba isiyo na mlango.

Tena mti ule ulikuwa na heshima nyingine. Punje mbili za tunda moja la mbuni ule ndizo alizokula marehemu na jirani yake, Salongo Bosa, siku walipoapa kuwa ndugu. Kila mmoja alikula punje yenye tone la damu ya mwenzake. Tangu siku ile Salongo, ambaye jina hilo alilipata kwa kuzaa mapacha, aliingia nyumbani mwa Deziranta bila kubisha hodi, na vyombo vya nyumba hizi mbili vilizunguka kama vya nyumba moja. Jembe, kinu, panga, vyote.

Mvua zilipoanza, tawi moja la mbuni likawa manjano.

Perepetwa aliliona kwanza. Majani yalijikunja kingo kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, kisha yakaanguka. Wiki iliyofuata matawi matatu yalikuwa vile vile, yote ya upande mmoja, upande wa baraza ndogo anapomwogeshea mtoto. Upande wa pili mti ulikuwa umenawiri kama kawaida. Na kwenye yale matawi yaliyokauka, buni zikawa nyekundu zote kwa pamoja, kabla ya wakati wake. Deziranta alizifurahia. "Tazama, mti unambariki mjukuu wangu," alisema, akachuma kikapu kizima.

Wiki ya tatu hakusema tena habari ya baraka. Nusu nzima ya mti ilikuwa vijiti.

Asubuhi moja Perepetwa alimaliza kumwogesha Nantaba kwa maji ya majani ya dawa, kama watoto wote wanavyooshwa, akamwaga beseni chini ya mbuni, mahali alipomwaga siku zote, maana maji yale si ya kukanyagwa na kila mpita njia. Alipoinua kichwa akamwona mama mkwe amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo ni wewe," Deziranta alisema.

"Mimi, mama?"

"Maji ya moto. Kila siku, asubuhi na jioni, unaupikia mti wangu mizizi."

"Mama, ni ya uvuguvugu. Ni ya mtoto."

"Na yale yanayobaki sufuriani? Hayo nayo ni ya mtoto?"

Perepetwa alikuwa na jibu, kwamba yanayobaki sufuriani huoshea vyombo, lakini alikuwa amepiga magoti, mtoto analowa, na mama mkwe alikuwa amekwisha kugeuka. Mchana ule Deziranta hakula matoke aliyoyapika mkaza mwanawe. Alijichomea ndizi mbili peke yake uani. Siku ya Alhamisi akatuma mtu kwa Federesi, shangazi yake Perepetwa, aliyemlea na kumfunda: aje Jumapili asikilize.

Kila mwanamke wa Bugonzi alijua maana yake. Shangazi akiitwa na upande wa mume, haji kunywa chai. Shtaka likisimama, mke hufungasha nguo zake akarudi kwa shangazi kufundwa upya, na wapo waliorudi kufundwa wasiitwe tena. Tena lilikuwa shtaka la kuua mti wa marehemu. Na mtoto ni wa ukoo wa baba, haondoki na mama yake. Nantaba alikuwa bado hajaota jino.

"Omba radhi tu," Matiya alimwambia walipokuwa wakimenya ndizi. "Sema umekosa. Mama atalainika."

"Nikisema nimekosa, mti utapona?"

"Hautapona. Lakini utabaki hapa."

"Na ule wa pili ukikauka, niombe radhi tena?"

"Upi wa pili?"

Perepetwa hakuwa na uhakika bado. Lakini asubuhi ile alikuwa ameona shambani, mbuni wa mstari wa kwanza, jani moja lililojikunja kingo.

Siku ya Ijumaa, Deziranta alipokwenda kanisani kupanga maua, Perepetwa alimfunga Nantaba mgongoni akachuchumaa chini ya mbuni. Alianza na udongo. Magimbi aliyoyapanda pale mwenyewe yalikuwa na majani mapana yanayong'aa. Alifukua kwa kidole, akakuta minyoo, hai, minene. "Wewe maji ya moto yangekuacha?" alimwuliza mmoja, akamrudisha ardhini.

Kisha akachukua kisu cha jikoni, akakwangua gome la tawi zima, upande wa kijani. Chini ya gome mti ulikuwa mweupe, wenye maji. Akakwangua tawi lililokauka. Chini ya gome palikuwa na michirizi ya bluu inayokaribia weusi, kama wino uliomwagika ukafuata uzi. Akashuka nayo, anakwangua kidogo, anatazama, anakwangua tena. Michirizi ilishuka tawini, ikaingia kwenye shina, ikaelekea chini upande ule ule, mpaka karibu na ardhi, na hapo ikaishia kwenye kovu.

Kovu lile alilijua. Lilikuwa pete iliyosuguliwa na kamba. Baba yake alipokuja kumtazama alipokuwa na mimba alileta mbuzi, na Perepetwa mwenyewe ndiye aliyemfunga pale, juma zima, kabla hawajapata pa kumweka. Mbuzi alizunguka na kuzunguka mpaka akalila gome.

"Mbona unaukuna mti kama una upele?" Alikuwa Salongo Bosa, amekuja kurudisha panga. Alikuwa mzee mfupi mwenye tumbo la mviringo na kofia asiyoivua hata kanisani mpaka akumbushwe.

"Shikamoo, Salongo. Naangalia ugonjwa wake."

"Ugonjwa wake ni wewe, nimesikia." Alicheka, kisha akaona uso wake. "Usinune, mke wa mwanangu. Dada Deziranta alinilaumu mimi mwaka mzima kwa kuku wake aliyeuawa na mwewe. Alisema kuku alinitazama mimi akasahau kutazama juu."

"Panga ulilitumia kazi gani, Salongo?"

"Kupunguzia matawi kwenye mibuni yangu. Panga la marehemu halina mfano, linakata kama linaomba ruhusa."

Perepetwa alilipokea kwa mikono miwili. Wiki mbili nyuma Matiya alikuwa amelitumia kukatia baadhi ya matawi makavu ya mbuni wa mlangoni, kwa amri ya mama yake. Kisha akalipitisha shambani, mstari wa kwanza. Kesho yake Salongo akaja kuliazima. Perepetwa alilitazama lile panga mpaka Salongo akamwuliza kama lina kutu.

Mchana ule alikata kipande cha tawi, akakifunga kwenye jani la mgomba, akatembea saa nzima na nusu hadi ofisini kwa bwana shamba. Bwana shamba alikuwa kijana mwembamba aliyeitwa Kaweesi, mwenye pikipiki iliyokuwa siku zote chini ya mti ikitengenezwa. Alifungua jani, akakitazama kipande, akalifunga upesi.

"Mama, umetoka wapi na hiki?"

"Bugonzi."

"Umepita katikati ya mashamba yote ya watu, umeshika hiki, ukisalimia."

"Nilisalimia wachache."

Kaweesi hakucheka. Alikiweka kile kipande na jani lake juu ya makaa aliyokuwa akichemshia chai, akasubiri mpaka kikawa majivu. Ndipo akamwambia. Ni ugonjwa wa kunyauka. Hauna dawa, wala ya dukani wala ya mganga. Unaingia mtini kupitia kidonda, unaziba mishipa ya maji, na mti unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye matope. Unatembea kwa panga, kwa jembe, kwa udongo, kwa kuni. Mti ulioshikwa ung'olewe na mizizi yake na uchomwe pale pale uliposimama, usiburutwe hata hatua moja. Panga lipitishwe motoni kila baada ya mti mmoja. Na shimo lisipandwe mbuni mwingine mpaka miaka miwili ipite.

"Kwenu haukuwepo," alisema. "Upande wa Mubende ndiko umemaliza watu. Nani kwenu ametoka huko na mche? Au kuni?"

Nantaba alikuwa amelala mgongoni, anakoroma kidogo kwa mafua. Perepetwa alimrekebisha mbelekoni.

"Nitauliza," alisema.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, Deziranta alikwenda Mubende kumaliza matanga ya kaka yake. Alirudi na mtita wa kuni za mbuni, mashina manene, makavu, zawadi ya mashemeji, kwa kuwa mibuni ya kule ilikuwa imekufa mingi na walisema ni jua. Zilikuwa kuni za heshima, za kupikia wageni wakubwa tu. Mtita ule uliegemezwa kwenye mbuni wa mlangoni, pale pale penye kidonda cha mbuzi, na nusu yake ilikuwepo hata leo.

Matiya alipoambiwa alishika kichwa, kisha akatabasamu. "Basi umeshinda. Jumapili, mbele ya shangazi yako, unasema moja tu: mama, ulileta mwenyewe. Atajificha wapi?"

"Ndiyo hapo. Atajificha wapi?"

"Sasa unamhurumia? Yeye alikuhurumia?"

Perepetwa alikuwa akimnyonyesha mtoto; akambadilisha upande. "Ni mti aliopandiwa na mume wake," alisema.

Jumapili Federesi alifika amevaa gomesi la kijani lenye mabega yaliyosimama, mkoba kwapani, uso haujulikani kama umekasirika au umechoka na njia. Salamu zilichukua muda wake. Deziranta alisogeza kikapu. Federesi akachagua buni mbili, akatafuna taratibu.

"Hizi zimekauka vibaya," alisema. "Ni nyepesi."

"Ndizo za mwisho," Deziranta akasema. "Ndiyo sababu nimekuita."

Akaeleza. Hakuongeza chumvi, Perepetwa alilazimika kukubali hilo moyoni. Alisema maji, alisema mahali, alisema mume wake. Aliposema mume wake alitazama mlangoni, kwenye vijiti.

Federesi aligeuka. "Mwanangu, uliumwagia mti maji ya moto?"

"Nilimwaga maji aliyoogea mtoto, shangazi."

"Mtoto huyu hapa?" Alimbana Nantaba paja. "Maji yaliyoua mti, na huyu akatoka humo na mafuta yake yote? Bibi Deziranta, hapo mimi nimeshindwa kumeza."

"Basi mti umekufa na nini?" Deziranta aliuliza, na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali la kweli.

Perepetwa alitembea kwa magoti hadi ukingo wa kibaraza. Alionyesha magimbi. Alipitisha kisu kwenye kaa la moto, akakwangua gome mbele yao, na ile michirizi ya bluu nyeusi ikaonekana. Akawaambia aliyoyasema bwana shamba, kiu katikati ya matope, na kwamba mti huu haurudi, na kwamba shambani mmoja umeanza. Akaonyesha kovu.

"Uliingilia hapa, kwenye kidonda. Mbuzi wa baba yangu. Nilimfunga mimi. Kwa hilo, mama, naomba radhi."

Matiya, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha akijifanya anatengeneza mpini wa jembe, alikohoa. Perepetwa hakugeuka.

Federesi alikuwa anafungua kinywa kusema neno la kumaliza shauri, lakini Deziranta aliinua mkono.

"Kidonda ni mlango," alisema. "Mlangoni aliingia nani?"

Alimgeukia Perepetwa.

"Mkaza mwanangu, nakuuliza. Ugonjwa haukuota hapa."

"Bwana shamba anasema unatembea na vitu vingi, mama. Panga. Udongo."

"Na nini tena?"

Perepetwa alitazama mikono yake. Deziranta alimtazama yeye, muda mrefu, kisha macho yake yakateremka kwenye shina, kwenye kovu, na pembeni ya kovu, kwenye mtita wa kuni uliofungwa kwa kamba ya migomba. Alikaa vile vile, mgongo umenyooka. Ni shavu tu lililotetemeka, kama la mtu anayetafuna, na hakuwa anatafuna kitu.

"Kule kwa kaka yangu," alisema polepole, "nilipita shamba zima sikuona jani. Wakaniambia ni jua. Na migomba katikati yake ilikuwa imenenepa. Niliiona migomba kwa macho yangu." Akasimama. "Nilizibeba kichwani toka kituoni. Nilikataa kusaidiwa."

"Hukujua, mama," Perepetwa alisema.

"Wewe ulijua. Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa. Ukanyamaza, na shangazi yako anakuja kukuchukua."

Federesi akachukua mkoba wake akauweka tena. "Mimi nimekuja kwa shauri, naona limeniacha njiani," alisema. "Kuna jembe la ziada?"

Waliung'oa mti siku ile ile. Matiya alichimba, Federesi amefunga gomesi lake kiunoni anasomba udongo kuurudisha shimoni ili usitawanyike, na kazi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika mizizi mikubwa. Hapo Deziranta alimnyang'anya mwanawe panga. Alikata mwenyewe. Kila pigo alivuta pumzi, na mti ulipolala alibaki ameshika tawi moja la upande wa kijani, ambalo lilikuwa bado na maua meupe mawili matatu, akalinusa, akaliweka juu ya mengine. Kisha akauchukua mtita wa kuni za heshima akauweka chini, ndio ukawa wa kuwashia.

Moto ulikuwa mkali sana. Ulichoma hata magimbi ya Perepetwa, na hakuna aliyeyakumbuka.

Kabla haujazimika Deziranta aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gomesi la kwendea kanisani na kitambaa kichwani. "Mpe baba yake mtoto," alimwambia Perepetwa. "Chukua kisu. Chukua na makaa kwenye chungu."

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kwa Salongo. Panga la mume wangu limekwenda kwake."

Walitembea, mkubwa mbele. Salongo Bosa alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anapukuchua maharage, kofia kichwani.

"Dada Deziranta. Nimeona moshi nikasema leo wanachoma nyama bila mimi. Kumbe mmeniletea makaa, nyama nitafute mwenyewe?"

Deziranta hakukaa kwenye mkeka aliotandikiwa. Alisema akiwa amesimama, kwa sauti ile ile aliyomshtakia mkaza mwanawe asubuhi, wala haikupungua. Alisema kuni alizitoa Mubende yeye. Alisema mti wa kiapo umeungua sasa hivi, na aliyeuua ni yeye. Alisema panga lilikata pale kabla halijakata kwake, na huenda hata sasa ameua mibuni ya ndugu wa mumewe.

Salongo alivua kofia. Aliitazama ndani yake kama kwamba kuna maneno yamewekwa humo.

"Mingapi nilipunguza?" alijiuliza. "Kumi na minne. Au kumi na mitano." Akavaa tena kofia. "Kama ungenyamaza, dada, ningesema ni jua."

"Najua ungesema hivyo."

"Itaonekana leo kama imeshikwa?"

"Labda mmoja, labda yote, labda hakuna," Deziranta alisema. "Usiniulize mimi, mimi naona migomba minene na bado nabeba kuni. Muulize mke wa Matiya. Ndiye anayejua kutazama."

Salongo alimgeukia Perepetwa, akangoja, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya daktari. Perepetwa alikitia kisu kwenye makaa, akahesabu polepole moyoni, akakitoa. Mama mkwe alipokea chungu ili mikono ya mkaza mwanawe iwe huru, wakaingia shambani, na kwenye mbuni wa kwanza Perepetwa akachuchumaa akaanza kukwangua, chini kabisa, karibu na ardhi.